Kuhesabu Hadi Saba, Kisha kwa Mguu wa Kushoto

Binti yangu aliingia darasa la dansi ya Kiayalandi kwa sababu ya gari. Mwezi wa Septemba 2017 alikuwa na miaka sita, tulikuwa tumekwisha kuishi Limerick miaka miwili, na rafiki yake wa shuleni alikuwa akienda kila Alhamisi jioni kwenye ukumbi wa parokia kujifunza dansi hiyo. Mama wa rafiki huyo alikuwa na gari, mimi sikuwa nalo, na mvua ya magharibi ya Ayalandi haimsubiri mtu amalize shughuli zake. Nilikubali ili mtoto apate pa kuchangamkia jioni moja kwa wiki, nami nipate kulala saa moja kabla ya zamu yangu ya usiku katika nyumba ya kutunzia wazee ninakofanya kazi. Sikujua kwamba haingepita miaka miwili kabla ya mimi mwenyewe kusimama katika ukumbi uleule, nina miaka arobaini na mmoja, nyuma ya mstari wa watu wazima wanane, nikihesabu kwa sauti moja hadi saba na kukosea kwenye nne.

Rafiki huyo alihama mji kabla ya Krismasi, na gari likaenda naye. Binti yangu alikataa katakata kuacha, kwa hiyo nikaanza kumpeleka kwa basi, na kwa kuwa kwenda nyumbani na kurudi kumchukua kungemaliza kipindi chote njiani, nikawa mkazi wa kiti cha plastiki cha nyuma ya ukumbi, nimejifunika koti, nikitazama. Nilichokiona miezi ile ya mwanzo ni watoto waliosimama wima kama askari wa gwaride, mikono imebanwa ubavuni, huku miguu ikifanya vurugu zake huko chini kana kwamba ni ya mtu mwingine. Siku moja nilimpigia mama yangu simu ya video Mombasa, nikamwonyesha mjukuu wake akifanya mazoezi jikoni. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Mwanangu, mbona mikono imefungwa? Huyo mtoto kaadhibiwa?" Nikamwambia, "La, mama, ndivyo wanavyocheza." Naye akasema, "Basi na wafunguliwe, masikini."

Jibu la swali lake lilinijia taratibu, na lilitoka kwetu. Nyanya yangu mzaa mama alikuwa mtu wa lelemama, enzi ambazo vyama vya wanawake wa Mombasa vilishindana kwa mavazi, nyimbo na karamu, na nakumbuka alivyotuonyesha tulipokuwa wadogo: wanawake wamejipanga mstari, miguu haina haraka, kiwiliwili kimetulia, na ustadi wote uko mikononi, katika mwendo mdogo ambao asiyejua angesema hakuna kinachofanyika. Lelemama huituliza miguu ili mikono ionekane. Dansi ya Kiayalandi huituliza mikono ili miguu ionekane. Hadithi za kueleza kwa nini mikono ya Waayalandi ilibanwa ni nyingi, kila mzee ana yake na hazipatani, nami nimeacha kuuliza. Nilipokwisha kulielewa jambo hilo kwa njia ya nyanya yangu, ndipo macho yalipofunguka: nikaona kwamba visigino havigusi sakafu, kwamba nyayo zimegeuzwa nje, kwamba magoti yamepishana mpaka moja limefichwa na jingine, na kwamba mtoto anayeonekana ametulia tu kuanzia kiunoni kwenda juu anafanya kazi ngumu kuliko mwenzake anayeruka juu zaidi huku mabega yakimtikisika.

Somo la kwanza la kila mwanafunzi, awe na miaka minne au sitini, ni kuhesabu hadi saba. Unachuchumia, mguu wa kulia ukiwa mbele ya wa kushoto, unaruka kidogo, kisha unakwenda ubavuni kwa hatua saba ndogo, mguu wa mbele ukibaki mbele na wa nyuma ukibaki nyuma muda wote, halafu unamalizia papo hapo kwa hatua tatu mara mbili, moja-mbili-tatu, moja-mbili-tatu, na kurudi ulikotoka kwa mguu mwingine. Waalimu wenyewe huziita hatua hizo saba na tatu, kwa majina ya hesabu zake, na mtu aliyezishika barabara anaweza kuingia katika dansi nyingi za kundi bila kumwaibisha mwenyeji wake. Baada ya hapo huja rili, jigi nyepesi na slipi-jigi, dansi tatu ambazo kila moja ina mdundo wake, na hapo ndipo mwanafunzi anapokutana na kanuni ambayo kwangu imekuwa mwalimu mkali kuliko mwalimu: kila kipande cha dansi hujaza vipimo vinane vya muziki kikianza kwa mguu wa kulia, na kikimalizika hurudiwa chote kwa vipimo vinane vingine kikianza kwa mguu wa kushoto, bila kusimama wala kuvuta pumzi.

Mimi nililelewa kuingia nyumbani na msikitini kwa mguu wa kulia. Kwa miaka arobaini mguu wangu wa kushoto haukuwahi kuombwa uanzishe jambo lolote la maana, isipokuwa kuingia msalani. Ilinichukua wiki mbili kukiweka kipande cha kwanza cha rili katika mguu wa kulia, na miezi miwili na nusu kukiweka katika mguu wa kushoto, kwa sababu kulia nilikuwa nakariri tu, nikimfuata aliye mbele yangu. Kushoto ndiko kulikonifichulia kwamba sikujua uzito wa mwili wangu uko juu ya mguu upi wakati gani. Watoto hupata taabu hiyohiyo, lakini wao hawaionei haya.

Kabla sijaeleza nilivyoingia mimi, lazima nieleze kuhusu ngazi, kwa sababu ndipo nilipomkosea binti yangu. Dansi hii ina tume yake, An Coimisiún le Rincí Gaelacha, iliyochipuka kutoka Conradh na Gaeilge, jumuiya iliyoanzishwa mwaka 1893 kufufua lugha ya Kigaeli, na tume hiyo imekuwa ikiweka kanuni za ufundishaji na mashindano tangu mwanzoni mwa miaka ya 1930. Ngazi za chini za mashindano yake huitwa kwa Kigaeli: Bungrád ni ya wanaoanza, Tús Grád hufuata, kisha Meán Grád, kisha Ard Grád, na juu yake iko michuano ya ubingwa, ambayo kilele chake ni mashindano ya dunia yaliyofanyika kwa mara ya kwanza Dublin mwaka 1970. Nilipoambiwa binti yangu yuko Bungrád, nililipokea jambo hilo kama mzazi wa Kiafrika anavyopokea karatasi ya matokeo: nikataka kujua ni wa ngapi, nani yuko mbele yake, na atapanda lini.

Mwalimu alinitazama akauliza, "Atapanda katika nini?" Nikadhani hajanisikia. Kumbe anayepandishwa ngazi ni dansi, si mtoto. Mtoto akishinda katika rili hupanda katika rili peke yake, na anaweza kuwa Meán Grád katika rili huku slipi-jigi yake ikiwa imekaa Bungrád mwaka wa pili, wala hakuna anayeona ajabu. Nilirudi kwenye kiti changu cha plastiki nikiwa nimeudhika kidogo, maana nilitaka jibu la neno moja. Shuleni nilikosomea mimi mtu alikuwa wa kwanza au wa mwisho, mwerevu au mjinga, na jina hilo lilimfuata hadi sokoni. Ilinichukua muda kukubali kwamba mtu mmoja anaweza kuwa mkongwe na mgeni jioni hiyohiyo, kutegemea muziki gani umepigwa.

Sikuyashika hayo mapema kiasi cha kutosha. Mwalimu alikuwa amesema tusubiri hadi baada ya Pasaka ndipo binti yangu aende kwenye feis, yaani siku ya mashindano. Mimi, kwa kuona wasichana wa rika lake wamekwisha kuvaa medali shingoni, nikamwandikisha mwezi wa Februari katika feis iliyofanyika kwenye hoteli moja ya Kaunti ya Clare. Watoto walipanda jukwaani wawili wawili, kila mmoja na kadi yenye namba kiunoni, mpiga akodioni pembeni, na jaji mezani pamoja na kengele yake ndogo. Nisichokijua, ambacho mwalimu angenieleza kama ningemsikiliza, ni kwamba watoto wawili wanaopanda pamoja mara nyingi hutoka kwa walimu tofauti, na kila mmoja hucheza hatua alizofundishwa kwao, japo muziki ni mmoja. Binti yangu alikuwa amezoea kucheza na wenzake wanaokwenda upande mmoja naye. Muziki ulipoanza alisubiri vipimo vinane vya mwanzo kama ipasavyo, ncha ya mguu mbele, kidevu juu. Kisha mwenzake akaenda upande mwingine, na binti yangu akamfuata, akagundua kosa, akasimama katikati ya jukwaa, akamtazama jaji, akainama kwa adabu kama alivyofundishwa kufanya mwisho wa dansi, akashuka. Muziki ulikuwa haujafika nusu.

Yeye hakulia. Niliyelia ni mimi, msalani. Ndani ya basi tulipokuwa tunarudi aliniuliza, "Mama, lakini niliinama vizuri?" Nikamwambia hakuna mtoto aliyeinama vizuri kama yeye siku ile, na ulikuwa ukweli mtupu. Alhamisi iliyofuata mwalimu hakuniambia neno, ila kuanzia jioni hiyo aliwapanga watoto wadogo wawili wawili, akampa kila mmoja kipande tofauti, akawachezesha hivyo kwa robo saa mpaka wakazoea kuona mtu akienda kwingine bila kumfuata. Mzazi anayesoma haya na ana mtoto anayeanza ashike hilo moja tu: kabla ya kulipa ada ya mashindano, muulize mwalimu kama mtoto ameshawahi kucheza peke yake kando ya mtu anayecheza kitu kingine.

Niliingia darasa la watu wazima Januari 2019 kwa kuchokozwa. Nilikuwa nikimhesabia binti yangu jikoni, na akanikatiza: "Mama, unahesabu vibaya. Nne haina mruko." Nilisimama kumwonyesha kwamba ina mruko, na haikuwa nao. Darasa la watu wazima lilianza saa mbili usiku, mara tu watoto walipomaliza, kwa yuro nane, na kwa kuwa tayari nilikuwa ukumbini, kisingizio kilinikosa.

Tulikuwa tisa. Alikuwapo mama wa miaka sitini na mitatu aliyeacha dansi akiwa na miaka kumi na miwili kwa kuwa nyumbani kwao hawakuweza kulipia gauni. Walikuwapo wauguzi wawili kutoka Kerala, dereva wa lori wa Kipolandi ambaye hakuwahi kueleza kilichomleta, na wanawake wanne wa Limerick waliokuwa wasichana wadogo usiku wa tarehe 30 Aprili 1994, Riverdance, onyesho la dansi ya Kiayalandi, ilipooneshwa kwa mara ya kwanza kwa dakika kama saba hivi katikati ya mashindano ya nyimbo ya Eurovision, katika ukumbi wa Point mjini Dublin. Kila mmoja wa hao wanne anakumbuka alikuwa ameketi wapi mbele ya televisheni. Waliniambia kilichowashtua hakikuwa miguu ya Jean Butler na Michael Flatley, wachezaji wake wakuu, maana miguu waliijua. Walishtuka kuona Flatley, kijana wa Chicago, ameifungua mikono. Nilifikiri jinsi mama yangu angefurahi.

Ugumu wa darasa kama hili ni kwamba hakuna wawili walio sawa. Yule mama wa miaka sitini na mitatu, miguu yake ilikuwa inakumbuka kila kitu lakini magoti yalikuwa yanakataa. Wauguzi walikuwa na pumzi lakini hawakuwa na mdundo wa nchi ile masikioni. Mimi nilikuwa na mdundo na sikuwa na chochote kingine. Mwalimu alilitatua hilo kwa njia ambayo nimeiiga kazini ninapowafundisha wasaidizi wapya. Alichagua wimbo mmoja na vipimo vinane vilevile, akatengeneza hatua za aina tatu: wa kwanza walikwenda kwa hatua tatu-tatu za kawaida, wa pili waliongeza kule kukunja mguu haraka hadi kisigino kikaribie nyonga, wa tatu waliongeza mruko wa juu. Sote tulianza pamoja, tukafika pamoja, na hakuna aliyesimama pembeni akisubiri zamu ya wenye kujua. Usiku mwingine nilikuwa kundi la kwanza, la hatua rahisi, katika rili na kundi la pili katika jigi nyepesi, nikaelewa hatimaye lile swali la "katika nini?"

Jambo jingine nililoligundua ni kwamba watu wazima hujifunza kwa mdomo. Tulikuwa tunauliza. Kwa nini mguu huu, kwa nini si ule, je, kwenye tano uzito uko wapi? Watoto hawaulizi; mwalimu huwaimbia mdundo kwa midomo, sauti zisizo na maneno, nao huzijaza kwa miguu. Baada ya wiki ya tatu mwalimu aliniwekea sheria ya peke yangu, kwamba nisiulize kitu mpaka nimekifanya mara tatu vibaya. Maswali yangu mengi yalikufa kwenye mara ya pili.

Mwezi wa Mei nikaumia. Nilikuwa nafika kutoka kwenye usingizi wa mchana moja kwa moja hadi ukumbini, siruki taratibu kwanza wala kunyoosha kano za visigino, na nyumbani nilikuwa nafanya mazoezi kwenye sakafu ya jikoni, ambayo ni vigae juu ya zege, ilhali sakafu ya ukumbi ni mbao zinazobonyea kidogo. Maumivu yalianza kwenye miundi ya miguu yote miwili, kwanza nikipanda ngazi, kisha hata nikilala. Mtaalamu wa viungo alinipumzisha wiki sita, akanikataza kuruka kwenye zege, akanipa mazoezi ya kuinuka na kushuka kwa vidole kwenye ukingo wa ngazi, polepole, mara kumi na tano kila asubuhi. Katika wiki hizo binti yangu alinifundisha wanachokifanya wachezaji wanaposubiri zamu zao: kucheza kwa viganja, mkono wa kulia ukiwa mguu wa kulia, wa kushoto ukiwa wa kushoto. Tulicheza rili nzima mapajani mwetu ndani ya basi, abiria wakitutazama. Niliporudi ukumbini, mguu wa kushoto ulikuwa umepata nafuu kuliko nilivyouacha, nami nadhani ni kwa sababu mikono yangu haikuwa na ile hofu ya kuanguka.

Viatu navyo vina mafunzo yake. Viatu laini ni vya ngozi nyeusi, vyenye kamba zinazozunguka hadi kifundoni, na vinapaswa kubana kiasi cha kumfanya mgeni adhani amepewa saizi ya mtoto. Viatu vizito vina ncha na visigino vya faibaglasi, na ndivyo vinavyotoa ule mlio wa ngoma sakafuni katika jigi nzito na honipaipu. Nilimnunulia binti yangu viatu vizito mwaka mmoja kabla ya wakati wake, kwa yuro arobaini kutoka kwa mzazi mwingine, na vilikaa kabatini mpaka vikawa vidogo. Nilikuwa nimeamini kwamba kasi na kelele ndizo dalili za kupanda, kumbe ni kinyume. Wanaoanza huchezeshwa jigi nzito kwa kasi ya kama mapigo 92 kwa dakika, na wa ngazi za juu hucheza kwa mapigo 73 tu, kwa sababu muziki ukipungua kasi panapatikana nafasi ya kutia milio mingi zaidi kati ya pigo na pigo, wala hakuna pa kujificha. Nilipomsikia kwa mara ya kwanza msichana wa ubingwa akifanya mazoezi kwa kasi hiyo ya chini, nilidhani kinasa sauti kimeharibika.

Kazini kwetu alikuwapo bibi mmoja wa miaka zaidi ya tisini, mzaliwa wa mashambani Clare, ambaye alikuwa ananitazama nikipita kwenye korido na siku moja akasema, "Wewe unacheza. Unatembea kwa vidole." Nikamweleza. Kuanzia hapo zamu zangu za usiku zilikuwa na mwalimu wa pili. Alinieleza jinsi walivyokuwa wakicheza jikoni kwa watu alipokuwa msichana, na kwamba wazee wake walimsimulia zamani za sakafu ya udongo, ambapo mlango uling'olewa bawabani na kulazwa chini ili miguu ya mchezaji ipate mlio. Alikumbuka pia sheria ya kumbi za dansi ya mwaka 1935, iliyotaka kila dansi ya hadhara iwe na kibali cha mahakama, na ambayo mapadri na polisi wa sehemu nyingi waliitumia kuzima hata dansi za majumbani na za njia panda. "Walituambia tukacheze ukumbini, tulipe kiingilio," alisema, na hasira yake ilikuwa mbichi kama ya jana. Aliiona dansi ya binti yangu kwenye simu, akasifu miguu, akasema mikono ya enzi yao haikuwa imebanwa kiasi hicho. Kwao ilining'inia tu, kama ya mtu asiye na shughuli nayo.

Hapo ndipo nilipoanza kwenda, mara mojamoja, kutazama dansi ya sean-nós kutoka Connemara, ambayo huchezwa karibu na ardhi, mikono huru, mchezaji akibuni hatua palepale. Sijajifunza. Lakini ilinituliza kujua kwamba lile tunalofundishwa ukumbini ni tawi moja la mti mkubwa, lililopogolewa kwa ajili ya jukwaa na majaji.

Kuhusu mavazi nitasema machache, ingawa wazazi wengine huzungumza hilo tu. Magauni ya mashindano ya ngazi za juu yamejaa darizi na vito vya kumetameta, bei yake hupita yuro elfu moja bila shida, na wasichana wengi huvaa pia wigi la nywele za mawimbi. Darasani kwetu wanaoanza huvaa sketi nyeusi na fulana ya darasa, basi. Nilikuwa na wasiwasi wa sketi fupi, nikamwendea mwalimu nikiwa nimetayarisha hotuba, naye akaniambia soksi ndefu nzito nyeusi zinaruhusiwa, na wengi huzivaa, kabla sijafika sentensi ya pili. La wigi lilikuwa gumu zaidi, kwa maana binti yangu alianza kuuliza kwa nini nywele za wote jukwaani ni za aina moja. Mwaka 2020 alimwona mtandaoni Morgan Bullock, msichana Mmarekani mweusi wa Richmond, Virginia, ambaye video yake ya kucheza hatua za Kiayalandi juu ya muziki wa kisasa ilienea dunia nzima hadi Riverdance wakamwalika. Binti yangu aliitazama mara nyingi kiasi kwamba nilijua kila hatua kwa sauti tu kutoka chumba cha pili. Feis iliyofuata alikwenda na nywele zake mwenyewe, zimesukwa mabutu na kufungwa juu, na hakuna jaji aliyesema lolote.

Lakini feis hiyo ilichelewa, kwani Machi 2020 kumbi zilifungwa kwa sababu ya korona, na kwa muda mrefu tulicheza jikoni mbele ya skrini, juu ya kipande cha mbao nilichokiweka kwenye zulia ili kulinda miundi yangu na subira ya jirani wa chini. Muziki ulifika kwa kila mtu kwa wakati wake, hivyo mwalimu aliwaona wanafunzi kumi wakikosea mdundo kumi tofauti, na ikabidi atuamini. Watu wazima watatu hawakurudi ukumbi ulipofunguliwa Septemba 2021. Dereva wa lori alirudi, akiwa amejifunza slipi-jigi nzima peke yake, mguu wa kulia na wa kushoto.

Mwisho wa mwaka wa masomo, mwezi wa Juni, darasa letu hufanya céilí, usiku wa dansi za kundi ambapo ngazi zote huchanganywa: watoto wa miaka mitano, mabingwa, wazazi, na wale mababu wanaodai wamekuja kutazama tu. Dansi ya kwanza ni Ballaí Luimnigh, Kuta za Limerick, na hapa Limerick jina hilo si la mapambo, kwani mji huu ulizingirwa na majeshi mwaka 1690 na tena 1691, na mabaki ya kuta zake bado yapo. Wawili husimama wakiwatazama wawili. Wanakaribiana na kurudi mara mbili, wanabadilishana nafasi kwa saba na tatu, kila mmoja anakwenda pembeni na aliye mbele yake na kurudi, kisha kila jozi inaizunguka jozi ya mbele yake na kutokea upande wa pili, ikikutana na watu wapya. Kwa hiyo mtu wa Bungrád anakutana na bingwa kila baada ya nusu dakika, wanashikana mikono, wanakwenda saba, wanaachana.

Katika céilí ya mwaka 2022 nilizunguka jozi moja nikatokea mbele ya binti yangu. Alikuwa na miaka kumi na mmoja, tayari Meán Grád katika rili, amesimama na yule mama wa miaka sitini na mitatu, ambaye sasa alikuwa na sitini na sita na goti moja la bandia. Binti yangu alinipa mkono, akanitazama usoni, akaanza kunihesabia kwa midomo bila sauti, kama mwalimu anavyowafanyia wadogo, na tulipofika nne akatikisa kichwa kidogo kunikumbusha kwamba haina mruko. Sikuruka.

Mwezi huu tumeanza honipaipu kwa viatu vizito, ambavyo hatimaye nimejinunulia vyangu. Kwa mguu wa kulia nafika hadi kipimo cha nane. Kwa mguu wa kushoto, bado nasimama kwenye cha sita.